Jina la Leso Lisiliwe na Mshono: Zawadi za Kumshonea Mwalimu

Kabla hujashika mkasi, isome leso. Leso, ambayo wengine huiita kanga, ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Kwetu Mombasa mtu akipewa leso husoma kwanza, kushukuru baadaye. Mwalimu naye atasoma. Watasoma walimu wenzake ofisini, na darasa zima litasoma mkoba ukitundikwa kwenye kiti. Ukishona zawadi nzuri kwa jina baya, umemtuma mwanao apeleke matusi kwa adabu.

Nimekuwa nikiwashonea walimu wa wanangu tangu mkubwa alipoanza chekechea. Nashona nyumbani, kwa cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na nyanya yangu, na kila mwaka najifunza kitu. Nitakayoeleza hapa ni mambo manne ambayo mtu anayejua kushona mstari ulionyooka anaweza kuyamaliza: mkoba wa madaftari, kipochi cha kalamu, kitambaa cha mkono, na kifuko cha msahafu kwa maalimu wa chuoni, anayewafundisha watoto Qurani, ambaye wazazi wengi tunamsahau mwaka ukiisha.

Wakati

Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe 5 Oktoba kila mwaka, tangu 1994. Shule nazo hufunga mwaka mwisho wa muhula wa tatu. Chagua moja kati ya hizo mbili, lakini anza Septemba. Mvua za vuli zikishaanza, leso uliyoifua asubuhi inaweza kulala kambani na kuamka bado ina unyevu, na kitambaa kibichi hakikatiki sawa.

Mimi hupenda mwisho wa mwaka, mitihani ikishafanywa na matokeo yakishatoka. Hapo hakuna atakayesema zawadi ilitafuta alama.

Kununua leso

Nenda Biashara Street asubuhi, kabla ya jua kali na kabla wenye duka hawajachoka kufungua. Usinunue leso iliyokunjwa. Sema, "Nifungulie nisome." Hakuna muuza leso atakayekushangaa, wateja wake wote husoma.

Majina mengi mazuri si ya mwalimu. "Hasidi hana sababu" ina mahali pake. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" nayo ina siku yake. Ukimpa mwalimu mojawapo ya hizo, atalala akijiuliza nani kamsema, na amemfanyia nini. Jihadhari pia na maneno yanayonukia elimu huku ndani yana mwiba: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" inataja kufunza, lakini inamzungumzia mtoto asiyelelewa. Yupi huyo, wako au wa mwalimu? Tafuta maneno yaliyo wazi: wema, elimu, dua, shukrani. "Wema hauozi" hainiangushi. Na majina ya mapenzi yaache kabisa, hata kama maua yake yamekuvutia.

Kwa mwalimu mwanamume mimi situmii leso yenye jina. Nanunua kikoi. Kikoi kina mistari, kimefumwa kwa uzi mnene zaidi, na mwanamume anatembea na mkoba wake bila kuona haya. Ila kikoi hukwanyuka haraka ukingoni kikishakatwa, kwa hiyo kila kipande kipige zigizaga kwanza, au acha sentimita 2 za mshono badala ya moja na nusu.

Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili zenye jina moja, bado zimeshikana. Moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Mafundi wa pale pale watakukatia na kukupindia kwa muda mfupi. Waambie wasipinde, unahitaji kila sentimita.

Ukiwa na shaka kama ni pamba tupu, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni uziwashe kwa kiberiti ukishafika nyumbani. Pamba huungua kama karatasi, harufu ile ile, na hubaki majivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, imechanganywa na nailoni au poliesta. Hiyo itateleza chini ya sindano, na haitanyonya jasho. Inafaa mkoba, haifai kitambaa cha mkono.

Bitana mimi hutumia marekani, ile pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa kuletwa kutoka Marekani enzi za majahazi. Ni ngumu kidogo, haipendezi kuvaa, lakini kwa kubeba madaftari hakuna mfano wake. Bei ikikushinda, shuka la pamba la mtumba kutoka Kongowea ni zuri vilevile. Liangalie juani kwanza, lisiwe limechakaa katikati.

Kufua

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Leso mpya ina wanga, ndiyo maana inasimama kama karatasi dukani. Wanga ukitoka, kitambaa hurudi, yaani hupungua. Ukikata kabla ya kufua, mkoba utarudi mwalimu akiufua mara ya kwanza, na bitana isiyorudi sawa na leso itauvuta mkoba wote uende upande.

Loweka kwenye maji baridi usiku kucha, leso peke yake, marekani peke yake. Leso nyekundu, hasa kisutu, zitatoa rangi. Badilisha maji mpaka yawe meupe. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kisugue kwenye sehemu nyekundu kwa nguvu. Kikibaki cheupe, endelea. Kikipata wekundu, fua tena. Anika kivulini, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo, ukifuata uelekeo wa uzi na si kukatiza mshazari, kwa sababu pamba mbichi huvutika.

Vifaa

Sindano namba 14 mpya, usitumie ile iliyoshona jinzi mwezi uliopita. Uzi wa rangi ya mji wa leso. Mkasi wa kitambaa ambao watoto hawakatii karatasi. Chaki, pini, tepu ya kupimia, rula ndefu, na pasi karibu. Pasi ni nusu ya ushonaji. Mshono usiopigwa pasi hutangaza kwamba ulishonwa nyumbani.

Mkoba wa madaftari

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya, mkoba wa kitambaa haukai kabatini. Mwalimu ataubebea madaftari ya kusahihisha Ijumaa, na Jumamosi ataubebea nazi na mchicha kutoka Marikiti. Kwa hiyo ushone wa kazi. Vipimo vyangu vinaingiza faili la karatasi za A4, ambazo ni sentimita 21 kwa 29.7, na safu mbili za madaftari madogo.

Kwanza pima jina, mwisho hadi mwisho wa maneno. Kama ni sentimita 34 au chini, litakaa mbele ya mkoba. Likizidi, usilibane. Liweke kwenye mikanda, nitaeleza hapo chini.

Naomba uniamini kwenye hili la kupima jina kwanza. Mwaka mmoja nilinunua leso yenye jina SI HASARA KUTENDA WEMA. Nilipima mkoba, nikakata, nikashona, nikaupiga pasi na kuutundika mlangoni. Usiku wa kuamkia siku ya kufunga shule, binti yangu akaanza kuusoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi: "Hasara kutenda wema." Akanyamaza. Akauliza, "Mama, SI imekwenda wapi?" Nikaugeuza mkoba ndani nje. Ile I ilikuwa imelala ndani ya mshono wa kushoto. S niliikuta kwenye kapu la vipande, nimeikata kwa mkono wangu.

Kufumua kusingesaidia. Nilichukua uzi mweusi wa kudarizi, nikaugawa nyuzi tatu, nikaandika SI ndogo juu kidogo ya HASARA, kwa mshono wa kurudi nyuma, na chini yake nikaweka alama ya kupachika neno kama wanafunzi wanavyofanya katika insha wakikumbuka walichosahau. Mwalimu alipoupokea alipapapasa pale kwa kidole gumba, akamtazama binti yangu, akasema, "Hapa mmesahihisha." Na akaufurahia. Lakini sitaki upitie usiku ule.

Sasa kata. Katika leso moja:

1. Kipande cha mbele, upana 41, kimo 48. Anzia ukingo wa chini wa leso ili pindo liwe kitako, jina likae juu ya pindo, na mji ujaze juu. Kunja leso katikati ya jina, weka alama ya chaki, kisha pima 20.5 kushoto na 20.5 kulia. Usipimie kutoka ukingo wa leso. Jina mara nyingi halikai katikati kabisa.

2. Kipande cha nyuma, 41 kwa 48, kutoka popote kwenye mji. Kama mji una maua au korosho kubwa, jaribu kipande kizima kiangukie katikati ya ua moja.

3. Bitana ya marekani, vipande viwili, 41 kwa 48. Na kipande kimoja cha 20 kwa 18 cha mfuko wa ndani wa simu na funguo.

4. Mikanda miwili, kila mmoja urefu 66 na upana 10. Pindo la upande wa juu wa leso linatoa mikanda mizuri.

Anza na mikanda. Kunja kila mmoja katikati kwa urefu, piga pasi, fungua, kunja kingo zote mbili zifike kwenye mstari wa katikati, kunja tena. Sasa una mkanda wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne. Shona kingo zote mbili, karibu kabisa na ukingo.

Kama jina lako ni refu, hapa ndipo linapoingia. Kata ukanda wenye jina, upana 8, herufi zikiwa katikati, urefu 66, na ukanda wa marekani wa kipimo hicho hicho. Viweke uso kwa uso, shona kila upande mrefu kwa sentimita 1, geuza, piga pasi, shona tena kingo. Utapata mkanda wa sentimita 6 unaosomeka begani. Doti ina leso mbili, kwa hiyo mikanda yote miwili inaweza kubeba jina. Kuna mkoba mmoja nilioshona hivi ambao naupenda kuliko yote: mwalimu akitembea, maneno yanapanda kifuani na kushuka mgongoni.

Piga bandi mikanda juu ya kipande cha mbele, uso kwa uso, ncha zake zikiwa sawa na ukingo wa juu, sentimita 10 kutoka kila ukingo wa pembeni. Hivyo hivyo kipande cha nyuma. Angalia mkanda haukujipinda. Uangalie tena.

Mfuko wa ndani: pinda ukingo wa juu mara mbili, pinda pande tatu kwa pasi, uweke kwenye bitana sentimita 10 chini ya ukingo wa juu, shona pande tatu. Kwenye pembe za juu rudi nyuma mara tatu, ndipo panapochanika.

Weka kipande cha mbele na cha nyuma uso kwa uso. Shona pembeni na chini kwa sentimita 1.5. Fanya hivyo na bitana, ila mshono wake uingie ndani kidogo zaidi, kama nusu sentimita, ili bitana isijae makunyanzi ndani, na chini acha tundu la sentimita 14 bila kushona.

Kitako: shika pembe ya chini, ifungue mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini. Itatokea pembetatu. Pima sentimita 4 kutoka kwenye ncha, chora mstari wa kukatiza. Utakuwa na urefu wa sentimita 8. Shona juu yake mara mbili, kata ncha. Fanya pembe zote nne, mbili za nje na mbili za bitana. Watu huona kitako ni kazi ya fundi. Ni mistari minne tu, na ndiyo inayofanya madaftari yasimame badala ya kulala kama samaki kwenye pakacha.

Geuza mkoba wa leso uso nje, bitana iache ndani nje. Tumbukiza mkoba ndani ya bitana, uso wa leso ukikutana na uso wa marekani, mikanda ikiwa imefichwa katikati. Linganisha mishono ya pembeni. Shona kuzunguka mdomo kwa sentimita 1.5. Vuta mkoba wote kupitia lile tundu, funga tundu, sukuma bitana ndani, piga pasi mdomo.

Mwisho, shona mdomo kuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni. Pale mikanda inapoingilia, shona mraba mdogo kisha ukatize pembe kwa pembe. Darasa la watoto 45 lina madaftari 45. Uzito huo wote unaning'inia kwenye pembe nne hizo.

Kipochi cha kalamu

Kipochi kinatoka kwenye vipande vilivyobaki, ndiyo maana napenda kukishona siku moja na mkoba, kama mtoto na mamaye. Kata vipande viwili vya leso na viwili vya bitana, kila kimoja 24 kwa 14. Zipu iwe ya nailoni, ndefu kuliko kipochi, kama sentimita 30. Zipu ya chuma itakuvunjia sindano. Ya nailoni unashona juu ya meno yake na kukata kinachozidi.

Laza bitana, uso juu. Juu yake zipu, uso juu, ukingo wake sawa na ukingo mrefu wa bitana. Juu yake leso, uso chini. Shona tabaka zote tatu kwa mguu wa zipu. Fungua vipande viwili, piga pasi mbali na meno, shona mstari mmoja kando. Rudia upande wa pili.

Kisha fungua zipu nusu. Nasema tena kwa sababu hata mimi hunipita: fungua zipu nusu, la sivyo utashona kipochi kisichogeuzika na mlango wake uko ndani. Kutanisha leso kwa leso, bitana kwa bitana, shona kuzunguka kwa sentimita 1, ukiacha tundu la sentimita 7 chini ya bitana. Kata mabaki ya zipu, geuza, funga tundu.

Kwa mwalimu anayetumia chaki, bitana iwe nyeupe. Vumbi la chaki kwenye bitana nyeusi halifichiki.

Kitambaa cha mkono

Hiki kishonwe na mtoto. Husimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vilivyotoka kwa Wareno, vikiitwa leso, wakaunga sita, safu mbili za vitatu, wakapata vazi, na jina likabaki. Ukikata leso ya leo kupata kitambaa cha mkono, unairudisha ilikotoka. Binti yangu alipoisikia hadithi hii aliacha kulalamika kwamba kipande chake ni kidogo.

Kata mraba wa sentimita 34. Wewe mpigie pasi pindo: nusu sentimita, kisha sentimita 1. Mtoto apige bandi kuzunguka, mishono mifupi ya kuingia na kutoka. Wa miaka 7 anaweza. Mpe sindano yenye tundu kubwa, uzi usiozidi urefu wa mkono wake, na subana ya kidole hata kama itamvuka. Mishono yake haitakuwa sawa. Usiifumue usiku akilala. Mwalimu anaijua kazi ya mkono wa mwanafunzi wake, na akikuta mishono iliyonyooka kama ya cherehani atajua imetoka kwa nani.

Pembeni mtoto aandike kwa penseli herufi ya kwanza ya jina la mwalimu, kwa mwandiko wake mwenyewe, kisha aifuate kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano itoke mbele, irudi nyuma hatua moja, itokee mbele hatua mbili. Herufi zenye mikunjo kama S zinamsumbua mtoto; mwachie wakati. Na joto la darasa la mabati mwezi wa Februari unalijua. Kitambaa cha pamba cha kufutia jasho hakitakosa kazi.

Kifuko cha msahafu

Maalimu wa chuoni huanza na wanetu alasiri, wakiwa wamechoka na shule, akawafundisha alifu mpaka wanasoma juzuu nzima. Kwa kifuko chake natumia poplini nyeupe au ya kijani, haina jina wala picha ya kitu, na bitana ya pamba laini. Maneno ya leso yana heshima yake, lakini siyaweki juu ya hayo yaliyomo ndani.

Pima msahafu anaosomea, au muulize mtoto apime kwa uzi bila kusema ni wa nini. Upana wa kukata ni upana wa msahafu, ongeza unene wake, ongeza 4. Urefu ni kimo mara mbili, ongeza unene, ongeza nusu ya kimo kwa ajili ya kifuniko, ongeza 4. Msahafu wa 14 kwa 20 wenye unene wa 3 utahitaji kipande cha 21 kwa 57.

Kata poplini na bitana sawasawa, weka uso kwa uso, shona kuzunguka kwa sentimita 1 ukiacha tundu la sentimita 8. Kata pembe, geuza, piga pasi vizuri mpaka kingo ziwe kali, funga tundu kwa mkono. Kunja upande wa chini kuelekea juu sentimita 22, shona pembeni zote mbili karibu na ukingo. Kifuniko kinabaki. Weka kishikizo kimoja na kitanzi cha uzi uliosukwa. Kama mkono wako unajua kushona vito vya kofia, ule udarizi wa mkono, mstari mmoja kwenye ukingo wa kifuniko unatosha. Mzee wangu mmoja alipouona mstari huo alikigeuza kifuko mara tatu kabla ya kusema neno.

Kabla ya kutoa

Kata ncha zote za uzi, ndani na nje. Piga pasi mara ya mwisho. Usifunge kwa karatasi ya kung'aa: kunja mkoba, weka kipochi na kitambaa ndani, funga kwa utepe wa pindo lililobaki. Kwenye mfuko wa ndani, pale pa simu, weka karatasi aliyoandika mtoto mwenyewe, sentensi mbili, ikitaja kitu kimoja alichofundishwa na mwalimu huyo. Wangu wa pili aliandika, "Asante ticha kwa kunionyesha kukopa moja kwenye kutoa." Mwambie mwalimu afue kwa maji baridi na kuanika kivulini.

Mtoto ndiye ampe mwalimu, si wewe, kwa mikono miwili. Na kama darasa lina walimu watatu, shona vitambaa vitatu badala ya mkoba mmoja. Ofisi ya walimu ni chumba kimoja, na wote wanasoma leso.